Mche mfupi haufi baridi: somo la maharage yanayopandwa Novemba



Mwezi uliopita mdau mmoja wa Makete aliniandikia meseji fupi tu. Alisema: "Kaka, nasikia uko Uingereza kwenye theluji na bado unalima. Mimi huku sakitu ya usiku mmoja mwezi wa saba imeniunguzia njegere nusu ekari, na mbegu nilinunua kwa mkopo. Huko nyie mnafanyaje?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna kosa langu mimi mwenyewe, kosa ambalo linanitia aibu mpaka leo. Kwa hiyo naliweka hapa hadharani, maana najua hayuko peke yake. Wako vijana kibao Njombe, Makete, Mufindi, na wenzetu wa Kinangop kule Kenya, ambao usiku mmoja wa anga safi unatosha kuwarudisha sifuri.

Basi tusogee taratibu.

KWANZA, MAHARAGE GANI HAYA?

Huku kwa Malkia wa zamani (sasa ni Mfalme) kuna maharage wanayoyaita maharage mapana. Si haya yetu ya kula na wali. Punje yake ni bapa, kubwa kama ncha ya kidole gumba. Ganda lake ni nene, na ukilipasua unakuta limetandikwa manyoya meupe laini, utadhani mtu ameweka sufi ili punje zilale vizuri. Mmea wake hautambai. Unasimama wima, shina lina pembe nne na ndani liko wazi kama mrija, unafika kimo cha mita moja hivi. Wamisri huyaita ful na ndiyo kifungua kinywa chao. Waethiopia nao wanayalima kwa wingi kwenye nyanda zao za juu.

Sasa sikiliza ukoo wake, maana hapa ndipo pointi inapoanzia. Maharage yetu ya kawaida asili yake ni Amerika, sehemu za joto. Yakipigwa na barafu usiku mmoja, asubuhi unayakuta meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Haya mapana yametoka upande wa Mashariki ya Kati na bahari ya Mediterania, ambako watu tangu zamani hupanda mvua za majira ya baridi zinapoanza. Baridi yanaijua toka utotoni. Na ndugu yake wa karibu si maharage yetu, bali ni njegere. Kwa hiyo mdau wangu wa Makete, tunaongea lugha moja.

NINAPOLIMIA

Mimi niko Leicester, katikati ya Uingereza. Huku halmashauri zina vishamba vya kukodisha wananchi, na kuna sheria ya mwaka 1908 inayozitaka zitenge ardhi hiyo. Kishamba kizima huwa kama mita za mraba 250. Mimi nimepewa nusu. Unalipa kodi kidogo kwa mwaka, unalima mboga zako, basi. Usiwaze trekta wala ekari, ni jembe na mgongo wako.

Jirani yangu wa shamba ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na kuja huku 1968, mwaka ambao Waasia wengi wa Kenya walihamia Uingereza. Miaka minne baadaye, 1972, wakaja waliofukuzwa na Idi Amin kule Uganda, na wengi wao wakatua mji huu huu wa Leicester. Ndiyo maana usishangae ukipita kwenye vishamba hivi ukasikia mtu anamkemea mbwa kwa Kiswahili cha zamani. Mzee huyu mimi nasema maharage, yeye ananisahihisha: "Maharagwe, bwana, maharagwe." Mpaka leo hatujaelewana.

JINSI NILIVYOCHEMSHA

Nilianza 2009. Mwaka ule mambo yalikuwa magumu, kazini kwenye ghala nilikokuwa nabeba maboksi walitupunguzia masaa, na kile kishamba nilikichukua kwa sababu ya tumbo, si kwa starehe. Nikasoma kwamba maharage mapana yanaweza kupandwa kabla ya baridi na kuvunwa mapema mwaka unaofuata, wakati mboga ziko bei juu. Nikajisemea, kama mapema ni vizuri, basi mapema zaidi ni vizuri zaidi. Nikapanda wiki ya kwanza ya Septemba.

Nikamwaga samadi ya kutosha. Mvua ya vuli ikanyesha, jua likawaka, miche ikapanda juu kama inakimbizwa. Mwisho wa Novemba ilishafika magotini. Nikaipiga picha nikatuma nyumbani, watu wakanisifia. Baridi ilipoanza nikaifunika kwa nailoni nzito, nikaibana kila upande kama mtoto mchanga.

Mzee akaja, akainua nailoni kidogo, akachungulia. Akasema, "Kijana, maharagwe yako imenenepa vibaya. Hii kitu haipendi kudekezwa." Nikacheka kwa adabu. Moyoni nikasema mzee ana wivu.

Majira yale ya baridi, ya 2009 kwenda 2010, yalikuwa makali kuliko yote Uingereza tangu yale ya 1978/79. Mwanzoni mwa Januari theluji ikafunika nchi nzima. Jumamosi moja nikafika shambani nikakuta nailoni imepeperushwa na upepo imening'inia juu ya uzio, na miche yangu yote imelala chini, mashina yamevunjika, meusi, yanateleza mkononi kama bamia iliyooza. Sikupata hata mmoja wa mbegu.

Hatua kumi kutoka pale, mistari miwili ya mzee ilikuwa hai. Mifupi, kimo cha kiganja cha mkono. Asubuhi ile ilikuwa imeinama, majani yameganda. Nilipopita tena mchana, jua la kuazima likiwa limetoka, ilikuwa imesimama tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Yeye alipanda wiki ya kwanza ya Novemba, miezi miwili baada yangu!

KWA NINI MFUPI UKAPONA, MREFU UKAFA

Hapa ndipo nilipolazimika kujifunza, na nitawaeleza kama nilivyoelewa.

Mmea umejaa maji. Maji yakiganda yanatanuka na kutengeneza vipande vyenye ncha. Barafu ikitokea ndani ya chembe hai za mmea, zinapasuka, na kukipambazuka jani linakuwa kama kitambaa kilicholowa. Ndiyo ule weusi.

Lakini mmea uliozoezwa baridi una ujanja wake. Baridi ikija polepole, wiki hadi wiki, mmea unaacha kurefuka na kuanza kujiandaa. Unalimbikiza sukari ndani ya chembe zake, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Halafu unaruhusu barafu itengenezeke kwenye nafasi zilizo nje ya chembe, wakati ndani kunabaki salama. Ndiyo maana mche wa mzee ulilala asubuhi ukaamka mchana.

Mche uliolishwa samadi nyingi na joto la Septemba haujapata mazoezi hayo. Umejaa maji, chembe zake ni kubwa na laini, ngozi nyembamba. Na ukishakuwa mrefu, upepo unautikisa huku na huku mpaka shina linachubuka pale linapotokea ardhini. Mfupi upepo unampita juu. Pia ardhi inatunza joto kidogo, kwa hiyo aliye karibu na ardhi anafaidi, na theluji ikianguka inamfunika kabisa.

Naam, theluji. Najua mtashangaa, hata mimi nilishangaa. Theluji laini imejaa hewa, na hewa iliyonaswa ni blanketi. Juu kunaweza kuwa nyuzi 8 chini ya sifuri huku chini ya theluji mche uko karibu na sifuri tu. Kinachoua zaidi ni baridi kali ya usiku mkavu wenye upepo, bila theluji.

Kwa hiyo kupanda mapema kuna kipimo. Shabaha ni kuufikisha mche kwenye baridi kuu ukiwa na mizizi ya kutosha lakini kimo chake ni sentimita 5 mpaka 10 tu.

TAREHE NA NAMNA YA KUPANDA

Hapa katikati ya Uingereza dirisha ni kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka karibu mwisho wa Novemba. Ardhi bado ina mabaki ya joto la kiangazi, mbegu inaota baada ya wiki tatu hivi au zaidi, halafu baridi inaikuta bado ndogo. Ukipitisha dirisha hilo usilazimishe, mbegu italala kwenye tope baridi mpaka ioze. Subiri Februari au Machi upande kama wengine.

Mbegu nayo si yoyote. Iko aina inayoitwa Aquadulce Claudia, ya zamani sana, ambayo wakulima wa hapa wanaiamini kwa kupanda kabla ya baridi. Ukinunua aina ya kupandwa masika ukaipanda Novemba, umejitafutia mwenyewe.

Namna ya kupanda ni rahisi:

Chagua sehemu yenye jua, isiyotuamisha maji, yenye kinga ya upepo. Usiweke samadi mbichi. Mmea huu unashirikiana na bakteria wa kwenye mizizi wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo chakula cha kurefusha majani unajitengenezea wenyewe.

Chimba mifereji miwili sambamba yenye umbali wa sentimita 23 hivi. Weka mbegu moja moja, kina cha sentimita 5, kutoka mbegu hadi mbegu sentimita 20 au zaidi kidogo. Kati ya jozi moja ya mistari na jozi nyingine acha sentimita 60 upate pa kupita.

Mwisho wa mstari fukia mbegu za ziada tano sita. Hizo ni za kujazia mapengo, na mapengo yatakuwepo.

ADUI WANNE NA KINGA ZAO

Watu wanadhani adui ni baridi peke yake. Kwa uzoefu wangu wako wanne.

La kwanza ni maji. Udongo wa kwangu ni mfinyanzi, ukilowa unashika kiatu mpaka unakivua. Mbegu ikikaa kwenye maji inaoza hata kabla ya barafu kufika. Dawa ni kuinua tuta sentimita 15 au 20. Kama hata tuta halisaidii, otesha kwanza kwenye vikopo. Mzee yeye anatumia yale maboksi ya duara yanayobaki katikati ya karatasi ya chooni. Anayasimamisha kwenye trei, anajaza mboji, anaweka mbegu moja kila boksi, anaiacha kwenye kibanda cha kioo kisicho na moto. Mche ukishakuwa na majani mawili matatu anauhamisha pamoja na boksi lake, mzizi hausumbuliwi, na karatasi inaozea humo humo ardhini. Bei yake bure.

La pili ni panya. Punje kubwa namna ile, Novemba, wakati chakula porini kimeisha? Panya anafukua mstari mzima kwa usiku mmoja kama ana ramani. Funika mistari kwa wavu wa waya wenye matundu madogo, uubane kando, uutoe miche inapoanza kuusukuma. Njiwa nao wanadonoa majani machanga, wavu au nyuzi zilizovutwa juu ya mstari zinawapunguza.

La tatu ni upepo. Simika vigingi kwenye kona za jozi ya mistari, zungusha kamba ya katani kwa kimo cha miche, na kadiri inavyokua unaongeza kamba juu. Upande upepo unakotokea weka wavu au matawi makavu. Usiweke ukuta usiopitisha hewa, kwa sababu upepo ukigonga ukuta unaruka na kuangukia ng'ambo kwa nguvu zaidi. Kizuizi kizuri kinaupunguza upepo mwendo, hakiusimamishi.

La nne ndiyo barafu yenyewe. Kuna kitambaa cheupe chepesi sana kinachouzwa kwa kazi hii, kinapitisha mwanga, hewa na maji. Kile chepesi cha gramu 17 kwa mita ya mraba kinaongeza kama nyuzi 2 za kinga. Ni kidogo, lakini mara nyingi nyuzi 2 ndiyo tofauti ya kuishi na kufa. Kisimamishe juu ya fito zilizopindwa, kisiguse majani, maana pale kinapogusa na kuganda ndipo jani linapoungua. Huna hela? Chukua chupa kubwa za plastiki za maji, kata kitako, funika mche mmoja mmoja, na KIFUNIKO CHA JUU UONDOE ili hewa itoke. Kosa langu la nailoni lilikuwa hilo. Nilifunga hewa, mchana jua likapasha, unyevu ukajaa, miche ikazidi kulainika na ukungu ukaanza kuitia madoa ya kahawia. Funika usiku wa hatari, funua mchana ukiwa mtulivu.

MTIHANI WA 2010

Mwaka wa pili nilikula jeuri yangu nikamfuata mzee hatua kwa hatua. Nikapanda mbegu 60 siku za mwisho za Oktoba 2010, bila samadi, tuta limeinuliwa. Katikati ya Novemba zilianza kutoa kichwa. Na mwisho wa Novemba, hata mwezi haujaisha, theluji ikaanguka.

Desemba ile ya 2010 iligeuka kuwa Desemba baridi kuliko zote Uingereza kwa zaidi ya miaka 100. Mabomba ya maji yaliganda majumbani. Ndege hazikuruka. Mimi kila siku nikitoka kazini, saa kumi jioni giza limeshaingia, nilikuwa napita shambani na tochi kuangalia kitambaa hakijabebwa na upepo. Chini ya theluji sikuweza kuona kitu. Nilishakata tamaa nikaanza kupanga nitawaambia nini nyumbani safari hii.

Theluji ilipoyeyuka nilihesabu miche hai 41. Midogo, imechakaa, mingine imekatika ncha, lakini hai. Na maharage haya yana tabia moja nzuri, ncha ikiuawa na baridi yanachipua machipukizi mapya kutoka chini. Mingi kati ya ile iliyokatika ilirudi na mashina mawili au matatu. Mzee alipita akatazama, akasema neno moja tu: "Vizuri." Kwa jinsi ninavyomfahamu, hiyo ni hotuba.

FAIDA INAKUJA MASIKA

Mwezi wa tatu siku zinarefuka na miche yote inakumbuka kazi. Maua meupe yenye doa jeusi yanatoka wakati nyuki wana njaa, na shamba linanukia. Vitumba vya kwanza vikianza kutokea chini ya shina, kata ncha ya juu ya kila mmea, sentimita 8 hivi. Hii inawanyima vidukari weusi mahali laini pa kujazana. Na hapa ndipo aliyepanda Novemba anapomcheka aliyepanda Aprili: vidukari wanapofika kwa wingi mwanzoni mwa kiangazi, mmea wake umeshakomaa na ncha ni ngumu.

Mavuno yanaanza mwishoni mwa Mei au Juni, wiki kadhaa kabla ya wenzako. Ukimaliza kata mashina, mizizi iache ardhini ilishe udongo. Mwezi wa sita huo huo mimi naweka sukuma wiki na maboga palepale. Shamba moja, mavuno mawili. Punje nazimenya ngozi ya pili, nazipika kwa tui la nazi la kopo, na hapo ndipo ninapojisikia niko nyumbani.

LAKINI SIMAMA KIDOGO, HILI NI LA AFYA

Watu wengine hawatakiwi kula maharage haya kabisa. Kuna hali ya kurithi ambapo mwili unapungukiwa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Mwenye hali hii anaweza kuishi miaka yote bila kujua. Akila maharage mapana, hasa mabichi, chembe nyekundu za damu zinaweza kuanza kupasuka. Dalili ni uchovu mkubwa, macho kuwa ya manjano, na mkojo mweusi kama chai ya rangi au Coca-Cola. Hiyo ni dharura, kimbia hospitali na uwaambie umekula nini. Hali hii imeenea zaidi kwa watu ambao asili yao ni maeneo ya malaria, kwa sababu inampa mtu kinga fulani dhidi ya malaria. Yaani sisi tumo. Kama kwenye ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kukatazwa dawa fulani za malaria kwa sababu hiyo, uliza na upime kabla ya kula. Watoto wa kiume ndio wanaoathirika zaidi.

SASA TURUDI MAKETE

Mdau wangu, sikushauri uanze kulima maharage mapana, na tafadhali usimwombe mtu akuletee mbegu kwenye begi, kuna sheria za karantini ya mimea na zina sababu zake. Njegere zako zinatosha. Ninachokuletea ni kanuni tu.

Kanuni ya kwanza ni umri. Njegere, kama ndugu yake, ikiwa change na fupi inavumilia sakitu kiasi. Ikiwa na maua na vitumba vichanga haivumilii, ua likiganda limekwisha. Kwa hiyo uliza wazee wa kijijini kwenu wiki gani sakitu huwa mbaya zaidi, kisha hesabu kurudi nyuma upange tarehe ya kupanda ili wiki hizo zikute mimea ikiwa ama bado michanga, ama imeshakomaza. Usikubali maua yakutane na sakitu.

Kanuni ya pili ni mahali. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka kama maji na kutuama bondeni. Najua utaniambia maji yako bondeni, kwenye vinyungu, na kiangazi huwezi kulima mlimani. Ni kweli, na ndiyo shida yenyewe: maji na sakitu vinakaa nyumba moja. Basi tumia ukingo wa juu wa kinyungu kwa zao linaloogopa, na kule chini kabisa weka linalovumilia. Na kama upande wa chini kuna uzio mnene au kichaka, acha upenyo ili ile hewa baridi ipite iende zake.

Kanuni ya tatu ni kusoma anga. Usiku wenye mawingu una blanketi. Usiku wa nyota nyingi, bila upepo, baada ya mchana mkavu, ardhi inatoa joto lake lote angani. Huo ndio usiku wa kazi. Mwagilia udongo mchana wake, maana udongo wenye unyevu unatunza joto kuliko mkavu. Funika kitalu saa kumi na moja jioni joto likiwa bado ardhini, si saa sita usiku baridi ikishaingia. Nyasi, magunia, shuka chakavu, chochote, ila kiegemee vijiti na asubuhi ukiondoe. Na kuchoma matairi ili moshi ufunike shamba, acha. Moshi hauzuii joto la ardhi kupotea, unakuumiza mapafu tu.

Kanuni ya nne ni mbolea. Ukimwagia mbolea ya kukuzia majani wiki chache kabla ya baridi, unafanya kile nilichofanya mimi Septemba 2009. Unanenepesha cha kuchinjwa.

Na ya tano ni mfuko. Usipande nusu ekari yote siku moja kwa pesa ya mkopo. Gawa mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Sakitu ikipiga fungu moja, mengine mawili yatalipa deni. Hata mzee wa Kisumu, pamoja na uzoefu wake wote, kila mwaka anapanda fungu moja Novemba na jingine Machi. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Mimi najua maharagwe. Mimi sijui hali ya hewa."

Ndiyo hivyo wadau. Mwenye uzoefu wa sakitu kutoka Njombe, Kitulo, Lushoto, Kinangop au popote, dondosha maoni yako hapo chini, hasa kuhusu wiki ambazo kwenu huwa mbaya. Mdau wa Makete atasoma, na mkopo wake bado haujaisha.